Mashine Isiyojua Kusema "Haiko"

Kijana aliingia maktabani saa tisa alasiri, vumbi la barabara ya Kolwezi bado liko kwenye kola ya shati. Anamaliza chuo, na TFC yake, ile kazi ya kumalizia masomo, inahusu historia ya kabila la Basanga. "Mwalimu, niko natafuta bitabu ine," akaniambia, akanielekezea kioo cha simu. Majina manne yamepangwa vizuri, kila kitabu na mwandishi wake, mwaka wake na mji kilikochapishwa. Mwandishi mmoja nilimjua, ameandika kweli juu ya Katanga, ila kitabu hicho hakukiandika. Wengine watatu sikuwahi kuwasikia. Tukapekua rafu, tukapekua daftari la vitabu vilivyoazimwa, kisha tukaingia WorldCat, ile orodha ya pamoja ya maktaba nyingi za dunia. Hatukuona hata kimoja.

"Haiko, mutoto yangu."

Akanitazama kama mtu anayenyimwa. "Lakini telefone inasema iko!"

Kwa Kiswahili cha vitabuni ningemwambia "hakipo". Huku Fungurume tunasema "haiko", na katika kazi ya kutunza vitabu sijui neno ninalolitumia zaidi ya hilo. Msomaji akilisikia, amepata habari ya kweli: atafute pengine, au atambue kwamba jambo lenyewe bado halijaandikwa na mtu. Akili mnemba, ambayo vijana wetu huiita IA, au ChatGPT hata kama ni programu nyingine kabisa, hulitamka neno hilo kwa shida sana. Nawaandikia walimu, masista, makatibu wa parokia na vijana wa kujitolea wanaoshika funguo za vyumba vya vitabu kuanzia hapa hadi Kolwezi, pamoja na wasomaji wao. Mashine hii imeshaingia vyumbani mwetu, iko mfukoni mwa kila anayeingia, na kuizuia mlangoni ni kupoteza muda. Tulilobaki nalo ni namna ya kuitumia.

Kwanza tuelewe kwa nini inashindwa kusema "haiko". Mashine hizi zimelishwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukisia neno linalofaa kufuata neno lililotangulia. Ukiiomba kitabu juu ya Basanga, inajua jina la kitabu cha namna hiyo husikika vipi, inajua majina ya waandishi wa Kibelgiji na ya maprofesa wa Lubumbashi, basi inashona. Haidanganyi kama binadamu anavyodanganya, maana mwongo anaujua ukweli anaouficha. Siku hizi baadhi ya programu hupekua intaneti kabla ya kujibu, nazo hukosea mara chache zaidi, lakini hukosea. Mwezi Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times la Marekani lilitoa orodha ya vitabu 15 vya kusoma wakati wa kiangazi. Vitabu 10 kati ya hivyo havijawahi kuandikwa, ingawa waandishi waliotajwa, Isabel Allende akiwa mmoja wao, ni watu halisi. Aliyeitayarisha orodha alikiri kwamba alitumia akili mnemba bila kuhakiki. Ikiwa gazeti lenye wahariri limepitiwa, sembuse kijana aliyebakiwa na mega 50 kwenye simu.

Kwa hiyo kitabu ambacho hakuna mtu aliyekiona kisiingie kwenye orodha ya maktaba, kisiandikwe ubaoni, wala msomaji asitumwe Lubumbashi kukitafuta kwa nauli yake. Mimi hutumia penseli. Pembeni ya kila jina naandika "kimeonwa" au "kimetajwa tu". "Kimeonwa" maana yake kiko mkononi, au kiko kwenye katalogi ya maktaba inayojulikana kuwa nacho. "Kimetajwa tu" maana yake mtu au mashine imesema. Kazi hiyo inachukua dakika chache, na msomaji anayekutazama ukiifanya anajifunza kuifanya mwenyewe bila wewe kumhubiria.

Ugumu huongezeka habari inapokuwa yetu wenyewe. Jaribu: iulize mashine juu ya Msiri, yule Mnyamwezi aliyetoka upande wa Tanzania ya leo akajenga ufalme wa Bayeke pale Bunkeya, akauawa tarehe 20 Desemba 1891 msafara ulioongozwa na Mzungu Stairs ulipomfikia. Majibu yatakuja marefu na mengi yatakuwa sahihi, kwa sababu wamisionari na maofisa wa kizungu walimwandika kurasa kwa kurasa. Sasa iulize juu ya Basanga, waliokuwa wakiyeyusha shaba ya vilima hivi kabla Msiri hajafika, na ambao waliasi dhidi yake katika siku zake za mwisho. Jibu litakuwa refu vilevile, kwa sauti ileile ya kujiamini, ila maandishi yaliyo chini yake ni machache mno. Msomaji hana njia ya kuona tofauti hiyo kwenye kioo. Wewe unayetunza vitabu unaiona, kwa sababu unajua rafu ipi imejaa na ipi iko tupu.

Jirani yetu mmoja alilieleza hili kabla simu za mkononi hazijatufikia. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 Jadotville, ndiyo Likasi tunayopita kila tukienda Lubumbashi, akafariki Marekani mwaka 2025. Katika The Invention of Africa, kitabu kilichotoka mwaka 1988, alizungumzia "maktaba ya kikoloni": lundo la maandishi ya wasafiri, wamisionari, watawala na wataalamu wa mila, ambalo kila anayetaka kuijua Afrika hujikuta anapita ndani yake, hata akiwa Mwafrika. Mashine imeisoma maktaba hiyo, na tofauti na mimi na wewe, haina bibi wa kuibishia.

Basi kwa mambo ya hapa, geuza swali. Usiiambie "nieleze Basanga walikuwa watu gani". Iulize nani aliandika juu yao, mwaka gani, akiwa ametumwa na nani, kisha nenda ukahakiki majina hayo kwa penseli yako. Angalia na majina ya mahali. Maandishi mengi yanaiweka Fungurume katika jimbo la Katanga, mengine Shaba kama Mobutu alivyoliita, kwa sababu jimbo la Lualaba la leo lilipatikana Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne mwaka 2015. Ukiiachia mashine ikutengenezee katalogi, itachanganya zote tatu. Weka jina la leo, na chini yake jina la wakati kitabu kilipoandikwa, ili anayetafuta Jadotville afike Likasi.

Nina njia moja ya kupima mashine ambayo naipendekeza kwa kila mtu. Weka daftari la maswali ambayo jibu lake unalo kwenye karatasi rasmi, na kila programu mpya inapokuja, iulize hayo kwanza. Swali langu la kwanza ni lile ambalo watu wa hapa huuliza wenyewe: katika mrabaha unaolipwa na makampuni ya madini, ile redevance, sisi tulio karibu na mgodi tunabakiziwa asilimia ngapi? Jibu liko katika sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha Kanuni ya Madini ya mwaka 2002. Serikali kuu hupata asilimia 50, jimbo 25, sekta, chefferie au mji ambako mgodi upo 15, na 10 zilizobaki huenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Programu moja niliyoijaribu ilinijibu kwa ufasaha kabisa: 60, 25 na 15. Hiyo ni hesabu ya sheria ya 2002. Haikuitunga. Yaelekea ilisoma ya zamani na ya sasa, ikachagua ile iliyoandikwa sana. Nilipoibandikia kifungu chenyewe cha 2018 na kuiomba inifafanulie kwa Kiswahili chepesi, ilifanya kazi safi, pengine bora kuliko ambavyo ningefanya mimi.

Hapo ndipo penye matumizi mazuri, na sitaki nionekane mzee anayechukia kila kipya. Ipe mashine maandishi unayoyashika mkononi, halafu iombe ikusaidie kuyasoma. Kifaransa cha sheria humchosha hata mwenye diploma, na mashine hukilegeza. Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa Examen d'État anaweza kuipa sura ya kitabu cha biolojia akaiomba imtungie maswali. Mkutubi mwenye maboksi ya vitabu vya msaada vilivyoandikwa Kiingereza anaweza kupiga picha ukurasa wa mbele na ukurasa wa yaliyomo, akapata muhtasari wa kumwezesha kukipanga kitabu mahali pake. Wakati wote karatasi iko mezani, na ikikosea unaiona. Jambo la kuzoea ni kwamba Kiswahili itakachokuandikia ni cha Dar es Salaam au Nairobi. Msomaji wetu atakielewa, kwa jitihada kidogo, lakini akiandikiwa tangazo kwa lugha hiyo atadhani limetoka serikalini. Rekebisha kabla ya kubandika ukutani.

Kuhusu TFC na kazi za shule sitasema mengi. Wakutubi wengine wameanza kujifanya polisi, wanapitisha kazi za wanafunzi kwenye programu zinazodai kutambua kilichoandikwa na mashine. Acheni. OpenAI yenyewe, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliifunga programu yake ya aina hiyo mwezi Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Kijana anaweza kufukuzwa chuo kwa kukisiwa. Anayesimamia TFC akae na mwanafunzi dakika kumi amuulize sura ya pili inasema nini. Sisi wa maktaba tumfundishe mwanafunzi kuandika wazi, kwenye ukurasa wa shukrani au wa mbinu, alitumia programu gani na kwa kazi ipi. Nasi tufanye hivyo hivyo: muhtasari uliotolewa na mashine uandikwe chini yake kwamba umetolewa na mashine, na jina la aliyeupitia.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi zaidi, nalo ni siri ya msomaji.

Fungurume ni mji wa mgodi. Tangu mgodi mkubwa uanze kutoa shaba mwaka 2009, nusu ya mazungumzo sokoni ni juu ya nani ameingia kazini, nani ametolewa, nani amelipwa fidia ya shamba na nani anasubiri. Katika mji wa namna hii, kitabu anachoomba mtu kinaweza kueleza mengi kuliko anavyotaka. Mfanyakazi akiuliza sheria ya kazi, maana yake huenda anajiandaa kumshtaki mwajiri. Mama akiuliza juu ya dawa fulani, nyumba nzima inaweza kupata sababu ya kunong'ona. Mchimbaji akiuliza mipaka ya eneo la kibali, kuna watu wangependa kujua jina lake. Mkutubi wa zamani alikuwa na nidhamu moja: ulichosoma ni chako, hakitoki chumbani. Tukifungua mashine mezani, nidhamu hiyo haivunjwi kwa ubaya, inavunjwa kwa uvivu.

Nimeliona kwa macho yangu. Chumba kimoja cha vitabu katika ukanda huu, sitakitaja, kilikuwa na kompyuta moja na akaunti moja ya kila mtu. Nilikaa nikitaka kuuliza jambo la kawaida. Pembeni kushoto kulikuwa na orodha ya mazungumzo yote yaliyopita, kila moja na kichwa chake kilichoandikwa na programu yenyewe: barua ya kudai fidia, dalili za ugonjwa fulani wa zinaa, namna ya kumwacha mume. Katika mji ambao tunajuana mpaka majina ya mbwa, sikuhitaji kubonyeza. Nilijua barua ile ni ya nani. Aliyekuwa akikisimamia chumba ni mtu mwema kabisa, hakujua tu kwamba orodha ile inabaki.

Kwa hiyo: akaunti ya pamoja ifutwe mazungumzo yake kila msomaji anapoinuka, au itumike ile hali ya muda isiyohifadhi kitu, programu nyingi zinayo. Ndani ya mipangilio huwa kuna kitufe kinachoruhusu mazungumzo yako yatumike kuifundisha mashine, kitafute ukizime. Jina la msomaji, namba yake ya simu, ya kadi ya uchaguzi na ya kiwanja chake zisiandikwe humo kamwe. Na tafadhali, mtu akikuletea barua kutoka kwa kampuni au mahakamani umsomee, usiipige picha nzima na kuipandisha kwa sababu mashine inasoma Kifaransa upesi. Funika jina kwa kipande cha karatasi kwanza. Nchi yetu ina Kanuni ya Kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo inalinda habari binafsi za mtu. Lakini mama aliyekuamini na barua yake hatasubiri sheria imsaidie, hatakuja tena tu, na atawaambia wenzake.

Sasa wazee. Niliposema rafu ya Basanga ni tupu, wapo waliokwisha kufikiri: basi tuijaze. Ndiyo. Simu ya kawaida leo inarekodi saa nyingi, na kuna programu zinazogeuza sauti kuwa maandishi. Vijana wawili walinijia na wazo hilo, wakiwa wameshamrekodi mzee mmoja akisimulia kilima alichokulia kabla hakijazungushiwa uzio. Walifurahi mno: dakika 40 za mazungumzo zimekuwa kurasa kwa muda wa kunywa chai.

Tukakaa kusikiliza huku tukisoma. Mzee anasimulia taratibu, kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kisanga. Akifika kwenye jambo zito ananyamaza. Kuna mahali alinyamaza muda mrefu, jogoo anasikika kwa mbali, kisha akaendelea na habari ya makaburi. Kwenye maandishi, mahali pa ukimya ule, mashine ilikuwa imemwandikia mzee: "Asanteni kwa kutazama, msisahau kujiunga." Vijana walicheka hadi machozi. Mimi nilicheka pia, halafu nikaacha, maana mistari michache mbele maneno ya Kisanga yalikuwa yamegeuzwa Kiswahili kisicho na maana, na hayo hayakuchekesha, yalipita kimya kama maneno ya kawaida. Ile ya kujiunga tuliigundua kwa sababu ni ya kipuuzi. Mashine imejifunza kwa video nyingi za intaneti, ikisikia ukimya inautafutia maneno. Utafiti uliotangazwa mwaka 2024 juu ya programu maarufu ya kazi hii, Whisper, uliona kwamba karibu asilimia moja ya vipande vya sauti ilitiwa sentensi ambazo hakuna aliyezisema, na ilizidi kwa watu wenye shida ya kuzungumza, wanaonyamaza sana. Huo ulikuwa wa Kiingereza. Kisanga hakijapimwa hapo.

Ushauri wangu kwa wanaotaka kurekodi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Kabla ya kubonyeza chochote, mweleze mzee kwa lugha yake sauti itakwenda wapi. Neno "intaneti" halitoshi. Mwambie: mjukuu wako aliye Johannesburg ataisikia, na mtu usiyemjua huko China au Marekani ataisikia, na mashine inaweza kujifunza kwayo. Muulize anataka nani asikie na nani asisikie, kisha muulize baada yake yeye nani ataamua. Mwana au binti yake awepo. Habari za makaburi, za dawa na za kiti cha chifu zina wenyewe, usizichukue kwa sababu tu mzee mmoja amezitamka siku amefurahi. Mwanzo wa sauti taja tarehe, mahali na lugha. Rekodi vipande vifupi. Sauti asilia ihifadhiwe kwenye kadi mbili, nyumba mbili tofauti, na isifutwe hata maandishi yakikamilika. Maandishi ya mashine yawe rasimu tu: mtu anayejua Kisanga asikilize kutoka mwanzo hadi mwisho akirekebisha, na wa pili asikilize tena. Mzee aliponyamaza, andika kwamba alinyamaza.

Hatuanzi sisi. Mwaka 1965, chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa Wazungu kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kilitoa kijitabu cha historia ya mji wao, kilichokusanywa na André Yav, kwa Kiswahili cha Katanga kama kinavyosemwa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapa tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri, na leo wasomi wa vyuo vya mbali wanakifanyia kazi. Maboi na wapishi waliona maktaba haina habari yao, wakaandika. Hawakuomba ruhusa kwa mtu, wala hawakuwa na kompyuta.

Kuna suala la pesa, nalo nitalipita upesi. Ukiilipia ChatGPT dola 20 kwa mwezi, ni dola 240 kwa mwaka. Kama chumba chenu hakina taa ya sola ya kusomea SNEL inapokata umeme, na kamusi zimechanika, msinunue. Ya bure inatosha kwa kazi nilizozitaja. Mfadhili akija na mradi wa akili mnemba kwa maktaba, mshukuruni, muulizeni nani atalipa mwaka wa pili. Mnaweza pia kumuuliza kama anajua kwamba watu wa Nairobi walioajiriwa kuichujia OpenAI maandishi machafu walilipwa chini ya dola 2 kwa saa, kama jarida la TIME lilivyofichua Januari 2023. Yale ya kobalti yetu kuwa ndani ya betri za dunia siyarudii, kila anayeshuka hapa na kamera anatueleza.

Yule kijana wa vitabu vinne alirudi baada ya wiki mbili. Tulikuwa tumempatia makala mbili za kweli, zilizoonwa, na orodha ya wazee watano wa kwenda kuwasikiliza. Katika TFC yake ameweka ukurasa mmoja unaosema alitafuta nini na hakukipata wapi. Msimamizi wake alitaka ukurasa huo uondolewe, eti unaonyesha udhaifu. Nilimshauri asiuondoe, na nikamwandikia msimamizi kwa heshima kueleza kwa nini.

Mwisho nina ombi kwa wasomaji wa Fungurume, Tenke, Likasi na Kolwezi. Nyumbani kwenu, chini ya kitanda au ndani ya sanduku la bati, kuna kadi za kazi za mgodini, za Gécamines au za Union Minière, hati za mishahara ya baba, picha za harusi zenye kilima nyuma ambacho leo ni shimo, barua za babu, daftari za kanisa. Msizichome na msizipe mashine. Zileteni kwenye chumba cha vitabu kilicho karibu nanyi, tuzipige nakala mbele yenu mrudi nazo siku hiyo hiyo. Mchwa wa huku hawachagui, na mvua huanza kabla ya Novemba.